Nyimbo za Baba Yako Zinafunguka

Keza mwanangu,

Umetoka kwenda Muhima kumuaga shangazi yako, nami nimebaki hapa Rebero, udongo wa umuganda wa asubuhi, ile kazi ya pamoja ya mtaa, bado uko kwenye kucha. Nina muda kidogo kabla hujarudi na nimeamua kuutumia vibaya. Badala ya kukukunjia nguo nimekaa mezani, mbele ya ile kompyuta ya kwaya unayopenda kuiita marehemu, nakuandikia.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za maji ya kunywa, wala za vijana wa Dar es Salaam. Hayo shangazi yako anakuambia sasa hivi, na anayajua kuliko mimi. Kesho alfajiri pale stendi ya Nyabugogo wabeba mizigo watakuwa wanalivuta begi lako kila mmoja upande wake, mimi nitakuwa nagombana nao, na basi litaondoka kabla sijakuambia neno la maana. Najijua. Halafu tusidanganyane, tangu kile kikao cha Jumapili mimi na wewe hatujazungumza. Tumepitishiana chumvi mezani na kuulizana ufunguo uko wapi, basi.

Kwa hiyo nasema hapa. Sijakubali. Kamati ya kwaya iliamua, wewe ukawaunga mkono, na mimi nikanyamaza kwa sababu hasira niliyokuwa nayo ingenifanya niseme maneno ya kuniaibisha kanisani. Wao wakahesabu ukimya wangu kuwa ni ndiyo. Haukuwa ndiyo.

Nikukumbushe ilivyokuwa, maana kila mtu hukumbuka kikao kwa namna inayompendeza. Mzee Gasana, mwenyekiti wetu, alisimama akiwa ameweka mkono juu ya boksi la kompyuta mpya tuliyoletewa zawadi na muumini aliye ng'ambo. Akasema, kwa ule upole wake unaonichosha, "Mama Keza, rwose, kweli kabisa, sisi tunakushukuru. Sasa iko kompyuta mpya, iko na Windows mpya, iko na kila kitu. Ile ya zamani tunaweka wapi? Tuchague nyimbo zile watu wanaimba, tuziandike upya. Zile zingine, mutubabarire, mtusamehe, tuziache." Kisha akakugeukia wewe. "Huyu mtoto anaenda kusoma mambo haya. Keza, sema."

Ukasema, "Programu ile haifunguki kwenye kompyuta mpya, Mzee. Ni ya zamani mno. Mama anaifungua kwa kuzungukazunguka tu." Ukaninong'oneza, lakini wote walisikia, "Mama, zile ambazo hakuna anayeziimba, si tuziache?"

Zile ambazo hakuna anayeziimba ni za baba yako, Keza. Nataka kuamini hukulijua hilo. Ulikuwa mdogo alipoziandika, na alipotutoka hukuwa na umri wa kujua ni nani alitunga nini. Aliandika nyimbo za polepole zenye besi ngumu, wanakwaya wakalalamika kuwa zinakata pumzi, zikawekwa kando. Si zote zilizowahi kuandikwa kwenye karatasi. Zimo humu ndani ya mashine, na humu ndani kuna programu moja tu duniani inayoweza kuzisoma.

Sasa nikueleze programu hii ilitoka wapi, kwa sababu umezoea kuiona kama takataka ya mama yako. Baba yako alijifunza solfa kule Karagwe, Tanzania, tulikokulia sote wawili, kwa mwalimu aliyekuwa akichapa vidole vya mtoto aliyekosea. Unajua solfa inavyoandikwa, herufi za noti, nukta za mapigo, na ile alama ndogo sana inayokaa juu ya herufi kusema noti hii iimbwe juu, au chini yake kusema iimbwe chini. Kuandika hayo kwa mkono, nakala kwa kila mwanakwaya, ilikuwa inammaliza. Akasikia kuwa Kampala kuna mwalimu wa kwaya mwenye diski ya programu iliyotengenezwa na mtu mmoja, peke yake, kwa ajili ya kwaya za solfa tu. Akasafiri, akainunua. Hakuiba, hakunakili kwa mtu. Aliinunua, akarudi nayo ameikumbatia hata basi zima likamcheka. Ilikuwa ya Windows ya siku hizo, na kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake kila wimbo wake aliuandika humo.

Halafu yule mtengenezaji akapotea. Sijui kama alikufa au alichoka, barua pepe zetu zilirudi tu. Kompyuta yetu ya kwanza ikaungua, zikabaki nakala za nyimbo kwenye diski ileile, kwaya ikanunua nyingine, nikaingiza diski, na kioo kikaniambia kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii. Baba yako alikuwa ameshazikwa. Nililia mbele ya ile mashine kuliko nilivyolia kwenye msiba, na nakuambia hilo bila haya yoyote. Msibani kulikuwa na watu wa kuwapikia. Hapa nilikuwa peke yangu na neno "haiwezi".

Nilizunguka Muhima yote na diski ile kwenye mkoba. Fundi mmoja aliyevaa tai aliniambia, "Maman, iyi ni ya museum, ya makumbusho." Mwingine akataka kuniuzia programu mpya ya muziki, nzuri kweli, yenye mistari mitano na vichwa vya noti, ambayo hakuna mwanakwaya wangu hata mmoja angeisoma. Nikamwambia kwaya yangu inasoma solfa. Akanitazama kwa huruma. Nilitoka pale nimeapa kwamba mtu mwingine akinitazama vile nitamwambia kitu cha kukumbuka.

Ndipo nikafika kwa Musa. Unamkumbuka Musa, yule Muha wa Kigoma mwenye kibanda cha kuchapisha karatasi, aliyekuwa akikupa peremende ukamwita babu na yeye hakuwa hata na mvi. Nilimsalimia Kiswahili cha nyumbani, akaacha alichokuwa akikifanya. Akaitazama diski, hakucheka. Akasema, "Hii Windows mpya haiitaki tena, mama yangu. Lakini sisi tutaweka Linux."

Nikamuuliza Linux ni ya nani, nisije nikaingia tena kwa mtu atakayenifungia mlango. Akasema, "Ni ya wote. Wameitengeneza watu wengi, na namna ilivyoundwa iko wazi, anayetaka anasoma, anarekebisha. Haina mwenyewe wa kukuambia toka." Nikamletea kompyuta ya kwaya, akaiwekea, na juu yake akaweka kitu kinaitwa Wine. Sikiliza alivyonielezea, maana tangu siku ile sijasikia mtu mwenye shahada akikieleza vizuri zaidi, na wewe ukishaipata yako tutaona. Alisema Wine si Windows, ni mkalimani. Programu inaomba kwa Kiwindows, Wine inageuza, Linux inatenda. Programu yenyewe haina habari kwamba imehama nyumba.

Nilimwelewa papo hapo. Kila Jumapili namwona mhubiri wetu anasema Kinyarwanda na mkalimani kando yake anageuza Kiswahili, na bibi wa Kikongo aliye kiti cha nyuma anasema amina kwa wakati wake. Ubaya ni jina tu, maana kwa Kiingereza ni mvinyo. Kwenda kuwaambia wazee wa kanisa lisilogusa pombe kwamba nyimbo zetu zimeokolewa na Wine kulinigharimu maelezo marefu, na Mzee Gasana mpaka leo hulitamka kama mtu aliyeuma pilipili.

Ikafunguka. Lile dirisha baya la kijivu, na menyu zake zenye maandishi madogo, likaja. Nikafungua wimbo wa kwanza ulioko juu, nikabonyeza kitufe cha kusikiliza, na ile sauti ya kinanda cha kitoto ikaanza kupiga besi ya baba yako. Musa alitoka nje akasema anakwenda kutafuta chai. Alikaa huko muda mrefu, Mungu ambariki.

Kosa langu lilikuja baada ya hapo, na hili nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine kwa mara ya mia. Ile siku ya aibu. Tulialika kwaya ya Kicukiro tuimbe nao pamoja siku ya kuweka wakfu jengo jipya. Nikachapa wimbo mkubwa tunaouimba miaka yote, nikawatumia karatasi wajifunze kwao, sisi tukajifunza kwetu. Hatukukutana mpaka siku yenyewe. Ulikuwa umekaa mstari wa mbele, umevaa gauni la njano.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Tukafika pale soprano wanapopanda, wetu wakapanda, na wageni wakashuka. Wakashuka vizuri, kwa nidhamu, wamekaza macho kwenye karatasi. Besi za wageni nazo, mahali pa kuzama, zikapanda juu kwenye sauti ya tenor na kuanza kunguruma kama watu wanaosukuma lori. Hakuna aliyekosea pigo wala neno. Waliimba kila kitu kilichoandikwa. Waalikwa walianza kutazama viatu vyao, na mimi nilikuwa nimesimama mbele, mkono juu, sijui nimshushe nani na nimpandishe nani.

Baadaye nilimwendea mwalimu wao nikiwa nimefura. Nilimwambia watu wake hawajui solfa. Alikuwa mtu mzima, hakupandisha sauti. Akanipa karatasi yangu mwenyewe akasema, "Mwalimu, sisi tumeimba karatasi yenu." Nikaitazama. Zile alama ndogo za juu na chini hazikuwepo hata moja. Herufi zilikuwepo, nukta zilikuwepo, alama zimefutika. Noti zote zilikuwa zimekaa safu moja.

Kumbe programu ile ilikuwa na fonti yake yenyewe, iliyotengenezwa kwa ajili ya solfa tu. Kwenye Linux fonti ile haikuwepo, Wine ikaazima nyingine iliyokuwa karibu, na ile nyingine haikuwa na alama zetu. Kwaya yangu haikugundua kwa sababu wimbo ule wanaujua usingizini, hawatazami karatasi. Na mimi, ninayewapigia wengine kelele kila Alhamisi kwamba tunaimba karatasi na hatuimbi mazoea, nilikuwa sijaitazama. Niliona dirisha limefunguka nikadhani kazi imekwisha. Hilo ndilo kosa, Keza. Nilimwomba radhi yule mwalimu, mbele ya watu wake, na ilikuwa chungu.

Lakini kamati wanaposimulia hadithi hii huishia hapo, nami nakataza iishie hapo. Jumatatu yake nilikuwa kwa Musa na diski. Tukaipekua mpaka tukaipata ile fonti, faili dogo, tukaliweka kwenye folda ya fonti, tukafungua programu upya. Alama zote zikarudi mahali pake. Ilikuwa kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Hakukuwa na mlango wa kubisha, wala mtu wa kumwomba ruhusa, tulikuta kilichopungua tukakiweka. Na miezi iliyofuata wale wa Kicukiro walirudi, tukaimba wimbo uleule, na soprano zote zikapanda. Hiyo mbona Mzee Gasana haisimulii?

Mwanangu, nimezoea kuambiwa niache. Tuliporudi nchini kutoka Tanzania nilikuwa msichana, na nikifungua mdomo watu walikuwa wakinitania kwamba nasema lugha ya soko na ya askari. Wenzangu waliificha, wakajifunza kukohoa pale neno la Kiswahili lilipotaka kutoka. Mimi nikakataa. Nikajifunza Kinyarwanda mpaka nikaweza kugombana nacho, na Kiswahili nikakaa nacho, nikakulea nacho, na leo ndicho kinachokupeleka Dar bila mkalimani. Sikuwa na akili nyingi kuliko wao. Nilikuwa na ukaidi tu, na umenifaa.

Kuna jambo moja ambalo kwenye kikao mlikuwa na haki, na nitalisema mara moja halafu nisiulizwe tena. Tulikosea, mimi na baba yako, kuziweka nyimbo zote mahali ambapo ufunguo wake ameushika mtu mmoja tusiyemjua. Yule bwana alikuwa mwema, programu yake nzuri, lakini alipoondoka aliondoka na ufunguo. Linux na Wine vimenipa nafasi ya kurudi ndani, na ninaitumia nafasi hiyo kutoa vitu nje. Tangu Kwaresima kila jioni nafungua wimbo mmoja, nauchapa, halafu naunakili tena kwa maandishi ya kawaida ambayo kompyuta yoyote itayasoma hata sisi tukiwa hatupo. Ndicho nilichokuwa nakifanya ulipokuwa ukipita nyuma yangu ukivuta pumzi kwa nguvu. Kwa hiyo huko uendako, ukitengeneza kitu, fikiria yule atakayebaki nacho siku wewe umechoka. Sina ushauri mwingine kuhusu kompyuta. Huo umenitoa jasho.

Jumapili wanakuja kuichukua mashine hii. Waichukue, ni ya kwaya. Waifute, waweke wanachotaka, au waifanye kiti. Nyimbo hawazichukui. Unaikumbuka ile laptop yako ya sekondari, uliyosema imekufa, ukaitupa chini ya kitanda? Jana ulipokuwa saluni niliitoa. Nimeiwekea Linux mimi mwenyewe, bila Musa, na Wine, na fonti kwanza kabla ya chochote. Nilikosea mara kadhaa, nikasoma majibu ya watu nisiowajua kwenye mtandao, watu waliomjibu mwingine tatizo kama langu zamani na hawakumdai hata asante. Inafanya kazi, na itabaki nami hapa. Inapiga kelele kidogo kwenye feni, lakini na mimi napiga kelele. Mwambie Mzee Gasana ukimwona, au usimwambie, atausikia wimbo.

Kwenye begi lako, mfuko wa ndani, nimeweka flashi iliyofungwa kwenye kitambaa cha kitenge. Humo kuna programu ya baba yako, fonti yake, na nyimbo zake zote. Ulimwambia Mzee haifunguki. Najua ulisema hivyo kwa sababu ulikuwa unaona aibu kidogo, mama yako mbele ya watu na mashine yake ya kale. Aibu hiyo naielewa, niliwahi kuwa nayo kwa mama yangu na kikapu chake cha sokoni, na iliniuma baadaye. Hilo limepita. Nilikusamehe wakati naandika mstari wa tatu wa barua hii, hiyo hasira nyingine ni ya kamati.

Ila kuna wimbo mmoja humo, wa mwisho kabisa kwenye orodha. Jina lake ni jina lako. Baba yako aliuanza wiki uliyoingia darasa la kwanza, akakusikia unaimba uani ukianika soksi, akasema mtoto huyu atakuwa soprano. Aliandika besi. Akaandika tenor. Alto aliniachia mimi niandike, nikaiandika kwa shida maana aliniwekea pengo jembamba. Mstari wa soprano akauacha mtupu. Alisema utauandika mwenyewe ukiijua solfa vizuri, na akaniapisha nisiuguse. Miaka yote hii Musa, kamati, watu wote walikuwa wananiuliza kwa nini nang'ang'ania programu mbovu ya mtu aliyepotea. Sikumjibu mtu yeyote. Nilikuwa naushikilia mlango wazi kwa ajili ya mstari ule.

Sitakulazimisha. Una masomo, una maisha, na solfa yako imeingia kutu, nilikusikia Pasaka. Uandike mwaka huu, uuandike ukiwa bibi, uuandike vibaya halafu ufute, au uuache mtupu kama ulivyo. Sitauliza, na nikiuliza unikumbushe kwamba nilisema sitauliza.

Nasikia lango. Umerudi, na unacheka na jirani, kwa hiyo shangazi yako hajakuliza. Nakuja kukukunjia nguo sasa. Fanya lolote na wimbo ule, Keza. Lakini usije tu ukaniambia haufunguki.

Mama yako